Juu Kidogo ya Kitovu: Mhadhara Kuhusu Uvimbe wa Aota

Shikamooni wazee wangu. Wauguzi na matabibu wenzangu, habari za asubuhi. Wanaonijua wanajua nitakachosema, na nitakisema tena kwa sababu bado hatukifanyi.

Mzee wa miaka 70 anakuja, mkojo hautoki vizuri. Tunamwandikia ultrasaundi ya tezi dume. Analala, anapakwa jeli, kibofu kinatazamwa, tezi inapimwa, anafutwa tumbo, anainuka. Kichwa cha mashine kilikuwa chini ya kitovu! Kingepandishwa juu kidogo, aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ingeonekana pale mbele ya uti wa mgongo. Ni dakika chache, kwa jeli ileile. Kwa nini hatupandi?

Aota ya tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika 3 tunasema ina aneurizimu: ukuta umechoka, umetuna, na kila unavyotuna ndivyo damu inavyozidi kuuvuta. Mmeuona mpira wa ndani wa baiskeli ulioanza kutuna upande mmoja. Na mwenye tumbo kwa kawaida hasikii kitu, mpaka siku unapopasuka. Ukipasuka, wengi hufa hata kabla ya kufika hospitali.

Sasa Albert Einstein. Mliokwisha kukisikia kisa hiki kwangu, nivumilieni. Mwishoni mwa 1948, huko Brooklyn, daktari Rudolph Nissen alimfungua tumbo kutafuta chanzo cha maumivu yaliyomrudia mara kwa mara. Akakuta aota imevimba kama balungi. Angefanya nini? Kuukata mshipa ule na kuweka mwingine kulikuwa hakujawezekana. Charles Dubost alikuja kufaulu kule Paris mwaka 1951. Basi Nissen akauzungushia selofani, ile karatasi ang'avu ya kufungia vyakula, ili mwili uikatae na kujenga kovu gumu kuuzunguka uvimbe. Einstein, mvuta kiko wa miaka mingi, akaishi miaka 6 na ushei. Aprili 1955 mshipa ukaanza kuvuja. Safari hii upasuaji ulikuwepo. Akaelezwa, akaukataa, kwamba hataki maisha yarefushwe kwa nguvu. Akafariki tarehe 18, ana miaka 76.

Mnaona ninachokitaka hapo? Yule alikataa akiwa anajua kilichomo tumboni mwake. Wazee wetu hakuna aliyewauliza.

Najua kuna atakayesema, "Daktari, hayo ni maradhi ya Wazungu." Sigara inaharibu mshipa wa kila mtu, na presha vivyo hivyo. Sisi tena tunaongezewa kaswende isiyotibiwa, kifua kikuu na VVU, ambavyo vinaweza kuula ukuta wa mshipa hata kwa kijana. Mwingine ataniambia Uingereza wanaume hualikwa kupimwa wakitimiza miaka 65, sisi fedha hizo tutazitoa wapi? Sijaomba fedha. Mzee ameshalala kitandani, mashine imeshawashwa!

Nilipokuwa daktari kijana nilimpokea mzee mwenye maumivu makali ya kiuno, jasho linamtoka. Nikaandika mawe ya figo, nikampa sindano ya maumivu. Alianguka akiwa kwenye benchi anasubiri picha. Sikuwa nimemgusa tumbo. Kwa hiyo mzee mvuta sigara mwenye maumivu mapya ya tumbo au mgongo, na presha imeshuka, tafadhali usimwite mgonjwa wa figo kabla hujaitazama aota.

Tiba niipitie haraka, naona naonyeshwa saa. Uvimbe mdogo unafuatiliwa kwa ultrasaundi, sigara inaachwa, presha inadhibitiwa. Ukifika sentimita 5.5 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, tunazungumzia operesheni: ama kufungua tumbo na kushona bomba la kitambaa, ama kulipitisha bomba kwenye mshipa wa kinena, njia aliyoianza Juan Parodi kule Buenos Aires mwaka 1990. Kila njia ina hatari zake. Aota ya kifuani leo siifikii.

Mashine nimekuja nayo, iko nyuma ya pazia lile. Wenye miaka 65 na zaidi, hasa mliowahi kuvuta, pangeni foleni. Babu wa kofia nyeupe, tuanze na wewe. Ulishakunywa chai? Haidhuru, njoo ulale.