Kigae Ndani ya Shanta

ZUHURA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na karibuni tena. Leo tulikusudia kuwasimulia safari yetu ya Ngorongoro, Kilwa na Mafia, tuliyoifanya kwa mashanta mgongoni, kisha tuwape mafunzo matatu kuhusu mizigo. Hata hivyo, Baba Nasri ana jambo la wiki hii ambalo lazima litangulie.

ATHUMANI: Lazima litangulie, Mama Nasri. Jumanne jioni nilikuwa nikikung'uta shanta langu uani, na pamoja na mchanga kikadondoka kigae, kipande cha chombo cha kale kilichovunjika. Hakizidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja ni wa kijani kilichofifia, laini kama kioo, na pale kilipovunjika unaonekana udongo wa kijivu. Nilikiokota Kilwa Kisiwani, kwenye ukingo wa maji upande wa Gereza, ile ngome ya kale, nikakitia katika mfuko wa pembeni kwa nia ya kumkabidhi kiongozi wetu. Maji yalikuwa yameanza kupwa, nahodha akatuita haraka, nikasahau.

ZUHURA: Nami nilikuwa nimekuomba usikiokote.

ATHUMANI: Uliniomba, sikatai. Nimeshampigia kiongozi simu na kigae kitarudi, kwa kuwa vitu vya namna hiyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hata kama sheria isingekuwapo, si mali yangu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kosa langu lilikuwa kuinama. Kosa langu lilikuwa kusahau.

ZUHURA: Hapo ndipo tunapoachana. Kwa wasiofika, Kilwa ulikuwa mji ambao dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia kwenda ng'ambo, na msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipoutembelea mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kupita yote. Vyombo vya kijani vya namna hiyo vilitoka China, vikavuka bahari nzima hadi kwenye sinia la mtu wa Kilwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale katika miaka ya 1960, umri wa majengo aliusoma kwa vigae na sarafu zilizolala katika kila tabaka la udongo. Kigae kilicho chini ya sakafu hukueleza sakafu ilijengwa lini. Kigae kilicho mfukoni mwako hakikuelezi chochote, Baba Nasri, ila rangi yake.

ATHUMANI: Tabaka lipi, mke wangu? Kingo za kisiwa zinamegwa na mawimbi, na uliona mwenyewe jinsi ukuta ulivyoning'inia juu ya maji. Kigae kile kilikuwa kimekwisha kuporomoka. Kilikuwa juu ya mchanga, baina ya ganda la kaa na kipande cha kamba, na maji yajayo yangekizoa. Magofu yale yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini kutokana na uharibifu kama huo. Huwezi kuniambia kwamba heshima ni kusimama na kutazama kitu kikichukuliwa na bahari.

ZUHURA: Naweza, na nitakupa mfano. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na baadaye ikabainika kwamba baadhi yake zilikuwa za Kilwa. Fikiria umbali huo! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko, kwa sababu zilipookotwa hakuna aliyeandika zilikuwa zimelalaje, wala karibu na kitu gani.

ATHUMANI: Mfano huo ni wangu, si wako. Asingeinama, leo hakuna ambaye angekuwa na hata la kubishania.

ZUHURA: Na kama kila mgeni anayeshuka mashua ataokoa kigae kimoja kwa nia njema, ufuko utabaki mtupu kabla ya bahari kuufikia.

ATHUMANI: Sikusema kila mgeni. Nilisema kigae kilicho mbele ya wimbi, kikabidhiwe kwa mwenyeji palepale. Lakini naona tumeelekea mbali. Tuwaeleze watu habari za Mafia, kwa maana nilimwona potwe, yule papa mkubwa, akipita chini ya mashua, mwenye madoa meupe mgongoni, na nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa tangu tuoane.

ZUHURA: Hilo ni kweli tupu. Lakini ukiitaja Mafia, utanirudisha kwenye kigae. Tulipokwenda magofu ya Kua, kisiwani Juani, vigae vilikuwa vimetapakaa miguuni petu, nawe ukavipita kwa uangalifu mkubwa, hukuinama hata mara moja.

ATHUMANI: Kwa sababu vile vilishikwa na mizizi, mahali pasipofikiwa na maji. Ndiyo tofauti ninayoisema tangu Jumanne.

ZUHURA: Nami tangu Jumanne nasema kwamba mimi na wewe hatuna elimu ya kuamua kipi kimeshikwa na kipi kimepotea. Mwenyeji alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu. Ungemwita aje akione pale pale kilipolala.

ATHUMANI: Ningemwita, wimbi lingekuwa la kwanza kufika.

ZUHURA: Hujui hilo.

ATHUMANI: Wala wewe hulijui. Naona fundi wetu wa sauti ameinua vidole viwili. Zimebaki dakika mbili.

ZUHURA: Na Ngorongoro hatujaigusa. Wasikilizaji, lile bonde lina kina cha takriban mita 600, na alfajiri ukiwa ukingoni huoni chini ila ukungu. Zaidi ya hapo muda hauturuhusu. Mafunzo matatu ya mizigo nayo hayatapata nafasi.

ATHUMANI: Kigae nimekifunga kwa pamba ndani ya kikopo, na juu yake nimeandika tarehe, upande wa Gereza, na hatua nilizohesabu kutoka ukutani hadi majini.

ZUHURA: Ulizihesabu?

ATHUMANI: Nilizihesabu kabla ya kukiokota. Zilikuwa tisa.

ZUHURA: Upande wa kijani ulikuwa juu au chini?

ATHUMANI: Juu. Ndiyo maana nilikiona.

ZUHURA: Basi liandike na hilo, kabla hujakifunga kikopo.