Sekunde mbili za motari: mhadhara uliotolewa Lubumbashi

Wakubwa wa komini, baba na mama, wandugu wamotari mnaobeba wateja kwa pikipiki, jambo kwenu.

Juu ya ajali za piki kila mtu humu ana jibu lake. Mwenye gari anasema wamotari ni wakaidi. Motari anasema wenye magari hawatuoni. Polisi anauliza karatasi ziko wapi. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyo. Leo nawaletea habari za watu walioacha kujibu, wakaenda kupima.

Miaka ya 1976 na 1977, serikali ya Marekani ilikigharamia Chuo Kikuu cha Southern California kichunguze ajali za pikipiki mjini Los Angeles. Aliyeongoza kazi aliitwa Harry Hurt. Wachunguzi wake walikuwa waendeshaji wa pikipiki wenyewe. Ajali ikitokea, walifika ingali mbichi: wanapima alama za matairi, wanatazama kaske, ile kofia ngumu ya mwendeshaji, imepasukia wapi, wanawahoji walioshuhudia. Walichunguza hivyo ajali 900, wakasoma na ripoti za polisi 3,600. Matokeo yakatolewa 1981.

Kuna kitu walichofanya ambacho nakipenda kuliko vyote. Baadaye walirudi pale pale palipotokea ajali, siku ile ile ya juma, saa ile ile, wakawaangalia wamotari wanaopita salama. Kwa nini? Ukihesabu walioanguka tu, ukakuta wengi ni vijana, bado hujajua kitu. Pengine vijana ndio wengi barabarani. Sisi hapa tunahesabu walioanguka tu, tena tukikumbuka kuhesabu.

Walikuta nini? Kama robo tatu ya ajali zilikuwa za kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo. Na katika hizo, theluthi mbili kosa lilikuwa la mwenye gari: alimkatia motari njia. Mara nyingi ni gari linalokata kushoto mbele ya piki inayokuja. Wamarekani wanapita kulia kama sisi, kwa hiyo picha hiyo ichukueni nzima muiweke kwenye barabara ya Kasenga, gari likikatiza kuingia kituo cha mafuta. Dereva anashuka anasema, "Sikumwona." Wachunguzi walimsadiki. Jicho lake lilikuwa linatafuta magari. Ndiyo sababu walisisitiza taa ya mbele iwake hata mchana, na nyinyi mnaizima eti mnalinda betri.

Sisi tuna la kuongeza. Magari mengi ya hapa yana usukani wa kulia, kama yale ya Zambia wanakopita kushoto. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, lazima atoe pua yote ya gari ndipo aone mbele, na pua hiyo inakutana na nani? Hilo halimo katika ripoti ya Los Angeles. Ni letu kulipima.

Mwendo je? Nusu ya wale waendeshaji hawakuzidi kama kilomita 48 kwa saa kabla ya hatari, na 35 wakati wa kugonga. Mwendo wa kawaida kabisa. Kilichokosekana ni muda: tangu hatari ionekane hadi kishindo, hazikufika sekunde mbili. Katika sekunde hizo wengi walikanyaga freni ya nyuma hadi gurudumu likateleza, ya mbele wakaiogopa. Na asilimia 92 ya waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na rafiki. Humu ndani, nani alifundishwa na mwalimu? Inueni mikono. Naona michache, na mmoja ni wa polisi.

Lakini msitoke hapa mkisema mwalimu ametusafisha. Piki ilipoanguka bila kugongwa na mtu, kama theluthi mbili kosa lilikuwa la mwendeshaji. Na karibu nusu ya ajali zilizoua zilikuwa na pombe ndani yake. Mnaoanza siku na kikombe cha lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, nimewaona.

Kaske sasa. Mnasema inaziba masikio. Walichunguza hata hilo: haizuii kusikia wala kuona. Utafiti mwingi uliokusanywa baadaye unaonyesha kaske inapunguza vifo kwa kama asilimia 42, majeraha ya kichwa kwa 69. Ila iwe imefungwa kidevuni. Ile ya mteja inayoning'inia kwenye usukani hadi polisi waonekane hailindi hata usukani. Mama mwenye misuko anakataa jasho la wenzake, na mimi simlaumu. Weka kitambaa safi cha kuvaa ndani ya kaske, ukifue jioni.

Ninachowaomba wakubwa ni karatasi moja katika kila kituo cha polisi na kila hospitali: ajali ilitokea wapi, saa ngapi, gari lilikuwa linakata wapi, usukani upande gani, taa iliwaka, kaske ilifungwa. Ijazwe siku ile ile, kabla mvua haijafuta alama.

Sasa tutoke twende uwanjani tujaribu kufunga freni. Mistari ya chokaa imeshachorwa. Anayeshikilia kwamba freni ya mbele inaangusha ndiye aanze, polepole kwanza, kilomita ishirini.