Ndochibiri na Waliomficha: Mhadhara Uliotolewa Kabale

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya Ndochibiri, yule kuhani mwenye mkono wa vidole viwili aliyepigana na wakoloni, na nimekubali kwa moyo mmoja. Hapa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wapo waliosikia habari zake jikoni kwa bibi kabla ya kuzisoma darasani.

Tuanze na mipaka, haraka haraka. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikutana Brussels wakagawana milima hii. Mkulima akajikuta yeye ni wa Mwingereza, shangazi yake wa bonde la pili ni wa Mjerumani, shemeji yake ni wa Mbelgiji. Mwaka 1914 wenye mipaka wakaanza kupigana wao kwa wao, na mpaka ukawa uwanja wa vita. Kule Chahafi, Kisoro, mahandaki yao bado yanaonekana. Nendeni mkayatazame.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo. Jeshi la siku zile halikuwa na lori la kupanda milima hii. Mzigo ulikwenda kwa kichwa cha mtu, na askari alikula alichokikuta njiani. Alichokikuta ni mtama wako. Mnaujua mtama wa huku: baridi inauchelewesha, unaupalilia, unawafukuza ndege, unasubiri miezi na miezi. Ukishakauka unaingia ghalani, na humo ghalani mna uji wa watoto, mna bushera, kinywaji chetu cha mtama, ya kumpokea mkwe, na mna mbegu ya mwaka unaofuata. Askari akilivunja ghala hilo amekula na mwaka ambao haujafika. Kisha anamshika mwenye ghala ambebee mtama huo huo hadi kambini! Mwaka 1916 Wabelgiji walipoingia Rwanda kuwaondoa Wajerumani, walitegemea wapagazi, na wengi walitoka Uganda. Huko Rwanda ikafuata njaa ya Rumanura, kati ya 1916 na 1918, na vita vilichangia sana njaa ile.

Juu ya hayo palikuwa na kodi na kazi za lazima, zikisimamiwa na mawakala wa Kiganda walioletwa na Waingereza. Nayasema haya bila kumnyooshea kidole Muganda yeyote aliyekaa hapa leo.

Ndiyo nchi aliyotokea Ndochibiri. Alikuwa kuhani wa Nyabingi, roho ile ile ambayo Muhumuza, yule mwanamke aliyeongoza watu dhidi ya wakoloni kabla yake, alipigana kwa jina lake hadi alipokamatwa mwaka 1911 na kuzuiliwa Kampala maisha yake yote yaliyobaki. (Jina hilo la Nyabingi limevuka bahari hadi kwa Marasta wa Jamaika, na sisi hapa kuna vijana hawalijui. Linaniuma.) Ndochibiri alipigana na Waingereza, akapigana na Wabelgiji, akivuka mipaka yao kila walipomkaribia. Agosti 1917 wakulima wa Nyakishenyi waliinuka, wakavamia kituo cha wakala, watu wakauawa na majengo yakachomwa moto. Katika viongozi wa siku ile anatajwa pia mwanamke, Kaigirirwa. Askari wakaja kulipiza kisasi.

Kuna wanaotaka niseme kwamba alikuwa malaika. Siwezi. Makuhani wa Nyabingi nao walipokea pombe, mbuzi na ng'ombe kutoka kwa watu hawa hawa maskini, na aliyenyima aliishi kwa hofu. Na waliouawa Nyakishenyi walikuwa binadamu wenye mama zao. Tukiyaficha haya, siku moja mtoto mwerevu atayagundua, naye atakataa hadithi yote.

Lakini jiulizeni jambo moja. Mtu mwenye mkono wa vidole viwili anajifichaje? Milima yetu inatazamana. Ukikohoa huku, ng'ambo wanakusikia. Serikali mbili zilimtaka, na bado alizunguka kwa miaka hadi 1919, askari walipompata na kumuua. Miaka yote hiyo alikula. Kuna mama alipika sufuria kubwa kuliko idadi ya watoto wake, na jirani aliyeona moshi akanyamaza. Kuna mzee aliulizwa na doria njia ya mafunjo, akawaonyesha njia ya mlimani. Hadithi inasema Ndochibiri aliwalinda wakulima. Mimi nasema wakulima walimlinda yeye kwanza, tena kwa kile kidogo kilichobaki ghalani, na ninaona hapo ndipo ushujaa wenyewe ulipokaa.

Alipokufa, mambo hayakuishia hapo. Katika miaka ya 1920 mawakala wa Kiganda waliondolewa hatua kwa hatua, na machifu wa hapa hapa wakashika nafasi zao. Hata hivyo mwaka 1928 watu wa Nyabingi waliinuka tena.

Kwa hiyo wanafunzi, mkienda kwa wazee msiulize tu alipigana wapi. Ulizeni alilala nyumba ya nani. Ulizeni nani alimpikia, nani alimdanganya askari, mifugo ya nani ilichukuliwa kwa sababu hiyo. Simu zenu zinarekodi, zitumieni. Ripoti za maofisa ziliandikwa na waliokuwa wakimwinda, na mtu aliyeficha kitu vizuri hakuandikwa. Naona wazee wa Nyakishenyi wamekaa mstari wa mbele, na mmoja ameshainua mkono mara mbili nikiwa nazungumza. Mpeni mzee kipaza sauti.