Seli ya mlango wa kizazi inapobadili namna ya kula

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Leo tupo kwenye saratani ya mlango wa kizazi, ila hatuanzii pale mlipozoea. Tunaanzia kwenye vimeng'enya, zile protini zinazoendesha kazi za kemia ndani ya seli: kuvunja sukari, kujenga mafuta, kunakili vinasaba. Nipo na mdogo wangu Baraka.

BARAKA: Shikamoo dada.

ZUHURA: Marahaba. Haya, uliza.

BARAKA: Tumeambiwa saratani hii inaletwa na virusi vya HPV, na kwamba aina ya 16 na ya 18 peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Sasa virusi na sukari, wapi na wapi?

ZUHURA: Kirusi hiki hakina kimeng'enya hata kimoja cha kuvunja sukari. Kila kitu kinaazima kwa seli iliyokipokea. Na hapo kina tatizo, maana seli za tabaka la juu la mlango wa kizazi zikishakomaa huacha kugawanyika, wakati chenyewe kinahitaji mitambo ya seli inayogawanyika. Ndiyo maana kina protini mbili, E6 na E7. E6 inasababisha p53 iharibiwe, na p53 ndiyo inayoisimamisha seli yenye hitilafu. E7 inaishika Rb, inayozuia seli kugawanyika ovyo.

BARAKA: Hayo ya walinzi kuondolewa tumeyasikia. Chakula je?

ZUHURA: Basi sikia, E7 haiishii kwa Rb. Inakwenda pia kukishika kimeng'enya kinachoitwa piruveti kinesi M2, kwa kifupi PKM2. Hiki ndicho kinachofanya hatua ya mwisho kabisa ya kuvunja glukosi. Kwa kawaida kinakuwa vipande vinne vilivyoungana, na kikiwa hivyo kina kasi. E7 ikikishika, vipande vinaachana, vinabaki viwili viwili, na kasi inashuka.

BARAKA: Subiri dada, hapo umeniacha. Seli ya saratani si inataka nguvu nyingi? Itapunguzaje kasi ya kutengeneza nguvu?

ZUHURA: Fikiria foleni ya magari. Mbele pakibanwa, madereva wanachepukia barabara za mitaani. Hatua ya mwisho ikipungua kasi, malighafi za katikati zinarundikana, kisha zinachepuka: nyingine zinakwenda kutengeneza ribosi ya kujengea vinasaba, nyingine zinakuwa asidi amino, nyingine mafuta ya utando wa seli. Seli inayotaka kuzaa seli nyingine haihitaji nguvu tu, inahitaji vifaa vya ujenzi. Mimi hili la PKM2 ndilo linalonishangaza kuliko yote. Protini ndogo ya kirusi inagusa kimeng'enya kimoja, na matumizi ya sukari ya seli nzima yanageuka.

BARAKA: Na sukari yenyewe ya kuchepuka inatoka wapi?

ZUHURA: Inavutwa kutoka kwenye damu. E6 na E7 zinaisaidia protini nyingine, HIF-1, isiharibiwe. HIF-1 kwa kawaida huamka oksijeni inapopungua. Ikiamka, inaagiza milango zaidi ya kuingizia glukosi, inaagiza heksokinesi 2 inayoifungia glukosi ndani ya seli, na inaagiza laktati dihidrojenesi, LDH, inayogeuza piruveti, zao la mwisho la kuvunja glukosi, kuwa laktati. Mwisho kabisa inaagiza kimeng'enya kinachozuia piruveti isitumiwe ndani ya mitokondria, vile viwanda vya nguvu vya seli.

BARAKA: Kwa hiyo sukari inaishia kuwa laktati hata oksijeni ikiwepo.

ZUHURA: Naam. Mjerumani Otto Warburg aliliona jambo hilo kwenye uvimbe wa saratani miaka ya 1920. Yeye akaamini mitokondria zimeharibika, na hapo hakuwa sahihi, maana katika saratani nyingi zinafanya kazi. Ila alichokiona kwenye vipimo vyake kipo mpaka leo. Kwa njia ya laktati, glukosi moja inatoa ATP mbili tu, yaani vipimo vya nguvu ambavyo seli inavitumia, wakati mitokondria zingetoa kama 30. Seli inafidia kwa kula sukari nyingi.

BARAKA: Wewe umefanya kazi maabara. Hili linaonekana kwa macho?

ZUHURA: Linaonekana vizuri sana. Ukikuza seli za HeLa, ambazo ni seli za saratani hii zinazokuzwa maabara, unaziweka kwenye kimiminika chenye chakula chao, na ndani yake kuna rangi inayoitwa fenoli nyekundu. Kikiwa kipya ni chekundu kizuri. Seli zikijaa, siku mbili tatu unafungua kabati unakuta kimegeuka njano. Ile ni asidi, na sehemu kubwa yake imetokana na laktati. Na tusizitaje seli hizo bila kumtaja mwenyewe: Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani hii hii hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1951. Walichukua seli zake bila kumwomba ruhusa. Akafariki Oktoba mwaka huo akiwa na miaka 31. Vinasaba vya HPV 18 vimo ndani ya seli zake hadi leo.

BARAKA: Inaumiza.

ZUHURA: Inaumiza, na kila anayezitumia anapaswa kulijua jina lake.

BARAKA: Hiyo asidi ndani ya mwili wa mgonjwa inafanya nini?

ZUHURA: Inadhoofisha seli za kinga zinazokuja kushambulia, na inausaidia uvimbe kupenya tishu za jirani. Mwaka 2000 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walipima laktati kwenye vinyama vya saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na laktati nyingi ndio ambao saratani ilielekea kusambaa zaidi, na maisha yao yakawa mafupi.

BARAKA: Sasa nakuletea la mtaani. Watu wanasema: kama saratani inakula sukari, mgonjwa aache sukari, aache ugali, aache matunda, uvimbe utakufa njaa.

ZUHURA: Hapana, na hili nalisema kwa uchungu. Ini linatengeneza glukosi lenyewe hata usipokula kitu, maana ubongo na chembe nyekundu za damu zinaihitaji. Ukimnyima mgonjwa chakula, anayekonda ni yeye. Na mama anayepigwa mionzi ya nyonga, anaharisha, hana hamu ya kula, halafu nyumbani wanamnyang'anya uji! Akidhoofika, matibabu yanasimama katikati. Mpeni chakula.

BARAKA: Na kipimo cha LDH cha damu? Kuna mtu ameandika kwamba kinagundua saratani mapema.

ZUHURA: Hakigundui. LDH inapanda kwa malaria, kwa seli mundu, hata kwa kufanya mazoezi makali. Daktari anaweza kuitazama kwa mgonjwa ambaye tayari anajulikana, basi.

BARAKA: Dawa za kuzuia vimeng'enya hivi zipo?

ZUHURA: Zimejaribiwa. Kuna triapini, inayozuia kimeng'enya cha kutengeneza malighafi za vinasaba. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, wakaongeza dawa hiyo juu ya mionzi na sisplatini, dawa ya saratani, katika utafiti mkubwa. Matokeo yalitolewa 2023: haikurefusha maisha ya wagonjwa. Ugumu ni kwamba seli ya saratani ina njia nyingi za mchepuko, na vimeng'enya vyenyewe ubongo, moyo na misuli vinavitumia pia. Kwa sasa faida kubwa ipo kwenye kuona. Ile picha ya PET inategemea heksokinesi: mgonjwa anachomwa sindano ya glukosi yenye mionzi kidogo, heksokinesi inainasa ndani ya seli, tezi zenye saratani zinang'aa.

BARAKA: Hiyo ni mashine ya gharama. Mwanamke wa Nachingwea anapata nini kwenye sayansi hii?

ZUHURA: Anapata kitu cha bei rahisi kabisa, madini joto. Mwaka 1928 daktari Walter Schiller wa Vienna alikuwa akipaka mlango wa kizazi mchanganyiko wa madini joto uitwao Lugol. Seli zenye afya zilizokomaa zina akiba ya glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, na glikojeni ikikutana na madini joto inageuka kahawia iliyokolea. Seli zinazoelekea kwenye saratani hazikomai, hazina akiba hiyo. Nesi akipaka kwa pamba, anaona duara la kahawia na kipande kimoja kilichobaki njano. Hapo anaangalia kwa makini.

BARAKA: Bila mashine yoyote!

ZUHURA: Taa na macho. Lakini mama aliyekoma hedhi, homoni ya estrojeni imeshuka, glikojeni imepungua hata kwa seli zenye afya, kwa hiyo kipimo kinaweza kudanganya. Kipimo cha siki, yaani kupaka siki mlango wa kizazi na kuangalia panapogeuka peupe, nacho kina mipaka kwa umri huo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kila kinapopatikana, kuanzia miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU, kwa sababu hatari yake ni mara sita.

BARAKA: Na asiyefikia kipimo hicho?

ZUHURA: Asikae nyumbani akikisubiri. Cha siki kipo kwenye vituo vingi vya serikali. Wakitilia shaka watachukua kinyama, na kikionyesha saratani atapewa rufaa, Ocean Road kwa Dar es Salaam au Bugando kwa Mwanza, ambako mionzi ipo. Na anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, huyo hana ratiba ya kungoja, aende wiki hii hii.