Feni ya moshi juu ya paa, na ile swichi iliyo pembeni yake

DADA: Haya karibuni tena jamani, leo tunapanda juu ya paa. Mada hii nimeiomba mimi maana wiki nzima naizungusha kichwani, feni za kuvuta moshi, yale madude makubwa yanayokaa juu kabisa ya jengo.

KAKA: Ambayo watu wengi wakiyaona wanajua ni ya AC.

DADA: Eeh, na shida inaanzia hapohapo kaka, kwa sababu AC ikifa asubuhi kabla ya saa nne ushapigiwa simu kumi, joto joto joto, lakini feni ya moshi ikifa leo hakuna anayejua. Inakaa imekufa mwaka mzima, miwili, iko pale imetulia imepakwa rangi nzuri, inasubiri siku moja tu na siku yenyewe haitoi taarifa.

KAKA: Mi huwa nikiongea na wenye majengo naona wanauogopa moto ila moshi wanauchukulia poa, ndo maana nawapa mfano wa hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, Novemba 1980. Walikufa watu 85. Moto wenyewe ulikuwa chini huku, usawa wa kasino, lakini wengi walifia ghorofa za juu ambako moto haukufika, moshi ulipanda kwa ngazi, ukapanda kwa shafti za lifti, ukawakuta vyumbani.

DADA: Daah. Sasa ndo kazi ya hii feni, haizimi moto, inautoa moshi kwa juu ili ubaki umening'inia darini, chini yake watu waone mlango wa kutokea uko wapi na zimamoto wakiingia waone wanakanyaga wapi.

KAKA: Ila dada kabla hujaenda kwenye nyaya zako, tuseme kuhusu hewa ya kuingia, maana watu wananunua feni nzuri kabisa halafu chini wameziba kila kitu. Chukua chupa ya plastiki tupu, iweke mdomoni uvute hewa, si inabonyea? Jengo ni hivyohivyo, feni haiwezi kutoa kitu kama hakuna kinachoingia. Na ikivuta bila hewa ya kuingia inaishia kuing'ang'ania milango, mtu anavuta mlango wa ngazi haufunguki anadhani umefungwa kwa ufunguo kumbe ni hewa imeubana. Kanuni za NFPA, lile shirika la kinga ya moto la Marekani, zinataka nguvu ya kuusogeza mlango isizidi nyutoni 133, ni kama kilo 13 na nusu, na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu zake, mtoto je, bibi je?

DADA: Na hewa yenyewe isiingie kwa kasi ya ajabu.

KAKA: Eeh, NFPA 92, kanuni yao ya mifumo ya moshi, inasema pale inapokutana na moshi unaopanda kutoka kwenye moto isizidi kama mita 1 kwa sekunde, la sivyo inauvuruga, unachanganyika na hewa safi na kuwa mwingi kuliko hesabu ya feni.

DADA: Haya sasa niende kwenye nyaya zangu. Ukisoma bati la maelezo ya kiwanda kwenye feni ya moshi utaona herufi F na namba, hiyo ni mfumo wa Ulaya, EN 12101-3, F200 maana yake imejaribiwa ikafanya kazi ndani ya moshi wa nyuzi 200 kwa dakika 120, F300 ni nyuzi 300 kwa dakika 60, zinapanda hivyo mpaka F842 ambayo ni dakika 30. Sasa hiyo F ni ya feni yote kama ilivyotoka kiwandani, mota, waya ndani ya mota, beringi, grisi, mapanga, mpaka ile nafasi ndogo kati ya ncha ya panga na kopo lake la nje, maana chuma kikipata moto kinatanuka na nafasi ikiwa ndogo panga linasugua. Mota imeungua, mtu anaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, inasukwa vizuri tu kwa waya wa kawaida, inarudi inazunguka kila mtu anafurahi, lakini bati bado linasema F300 na hiyo si F300 tena!

KAKA: Bati limekuwa la uongo.

DADA: Kabisa, na aliyesuka hana kosa, hakuna aliyemwambia mota ni ya kazi gani. Kama kiwanda kinaruhusu isukwe basi iende kwa anayejua vifaa vyake, kama hakiruhusu inunuliwe mota ileile. Vilevile ile shingo laini inayounganisha feni na dakti, yale mabomba ya bati ya kupitisha hewa, ukiweka turubai la kawaida ndo kitakuwa kitu cha kwanza kuungua. Na waya wa kupeleka umeme lazima uwe wa kuhimili moto njia nzima, kuanzia kwenye paneli ya umeme mpaka kwenye mota, nimeona waya mzuri umetoka chini ghorofa zote halafu mita mbili za mwisho mtu kamalizia na waya wa kawaida kwa sababu ule ulimuishia.

KAKA: Mita mbili hizohizo ndo zenye joto.

DADA: Ndo hapo sasa. Na kuna hili la ovalodi, naomba mafundi wenzangu mnisikilize kwa makini. Mota ya kawaida tunaiwekea kinga, ndo hiyo ovalodi, ikipata joto sana inajizima isife. Hii ya moshi, amri ya moto ikishatoka, hairuhusiwi kujizima kwa sababu ya joto, inazunguka mpaka ife, acha ife, dakika zake ishawapa watu. Fundi mwema anakuja anaona haina ovalodi anasema hawa walisahau, anaweka, anaamini kasaidia. Vivyo hivyo na zile draivu za kubadilisha mwendo, inveta, kama haikujaribiwa na hiyo feni kwenye joto basi moto ukitokea lazima umeme uipite pembeni uende moja kwa moja kwenye mota.

KAKA: Kwenye kufunga sasa, mi naogopa sana ile siku ya kuipandisha.

DADA: Uogope kweli. Kwanza paa, injinia wa jengo aseme linabeba kiasi gani, uzito wa feni na mtikisiko wake, na upepo ukilisukuma lile dude. Halafu ile fremu ya chini inayoinuka kutoka kwenye paa iwe imeshajengwa na kunyooka, msije mkalining'iniza hewani huku mnatafuta vipande vya mbao vya kusawazisha. Kunyanyua ni kwa masikio yake tu, yale matundu ya kunyanyulia, usifunge mkanda kwenye mota wala kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha mapanga, ukipinda shafti kidogo tu umeshaharibu beringi kabla feni haijazunguka hata siku moja. Upepo ukizidi kile kinachoruhusiwa na kreni mnaacha mnarudi kesho. Na mikanda ya usalama ifungwe kwenye nanga za kweli siyo kwenye bomba la AC, na yale madirisha ya paa yanayopitisha mwanga msiyakanyage, yanaonekana magumu lakini mtu anapita nayo mpaka chini.

KAKA: Mi nitaongeza moja, mdomo wa kutolea moshi uangalie usiwe jirani na mahali AC inapovutia hewa safi. Unatoa moshi huku unaurudisha kule.

DADA: Umenikumbusha nilichotaka kusimulia, mwelekeo wa kuzunguka. Feni ya fezi tatu ukibadilisha nyaya mbili inazunguka kinyume, hilo kila fundi analijua. Ya mapanga kama ya ndege ikigeuka utajua mara moja, inapuliza chini badala ya kuvuta. Lakini ile ya aina ya tairi, sentrifuga, ikizunguka kinyume bado inatoa hewa upande uleule, ila kidogo sana. Niliitwa jengo moja, feni ilikuwa imefungwa zaidi ya mwaka, kwenye kila ripoti wameandika inafanya kazi, na kweli ukibonyeza inazunguka, inanguruma, ukipandisha mkono pale juu unasikia upepo. Mi nikashika karatasi ya daftari nikaipeleka kwenye tundu la kuvutia kule chini, ilitakiwa ibandike pa! isitoke, ikawa inapepea tu kivivu hivi halafu ikaanguka. Nikapima ampea kwa klampu, ile mita ya kuzungushia waya, ziko chini sana kuliko bati. Tukakata umeme nikazungusha kwa mkono polepole nikaangalia mshale uliochorwa kwenye kopo, mshale kulia, feni kushoto. Zaidi ya mwaka mzima watu wamelala humo ndani.

KAKA: Na ripoti ina muhuri.

DADA: Ina muhuri, ina sahihi. Ndo maana mi nasema swali la kuuliza siyo inazunguka, swali ni inavuta kiasi gani. Karatasi ni ya kuanzia tu, baada ya hapo kipimo cha upepo, ampea za fezi zote tatu zikaribiane, uandike namba siyo kuweka tiki. Na namba ukizisoma kumbuka umepima kwa hewa ya kawaida, moshi wa nyuzi 300 uzito wake ni kama nusu ya hewa hiyo, kwa hiyo siku ya moto mota inabeba mzigo mwepesi kuliko siku ya majaribio, kama haimudu hewa ya kawaida usijifariji.

KAKA: Matunzo kila baada ya muda gani? Mi huku upande wangu NFPA 92 inasema mfumo wa moshi tu, usio na kazi nyingine, ujaribiwe angalau kila miezi 6, ule unaochangia na AC kila mwaka.

DADA: Hilo ni jaribio kamili, sensa ya moshi ipige, paneli ya kengele ya moto iamrishe, dampa, yaani vile vizibo vya njia ya hewa, zifunguke, feni iwake, na umeme wa kawaida ukatwe tuone jenereta inaichukua. Kati ya hapo mi napenda iwashwe kila mwezi, dakika 15 hivi, unyevu utoke kwenye mota na grisi isambae, maana beringi iliyokaa inabebea uzito sehemu ileile miezi na miezi inajichimbia vishimo. Kama inaendeshwa kwa mikanda angalia nyufa na ulegevu, kanuni ya Marekani ya majengo inataka idadi ya mikanda iwe mara 1.5 ya inayohitajika na isipungue miwili, mmoja ukikatika mwingine upo. Na zile dampa za juu zinazofunguka kama mabawa, fungua kwa mkono, utashangaa, ndege wanapapenda pale balaa, kiota kimoja cha majani makavu kinazuia bawa lisifunguke.

KAKA: Sasa kufungua kwa mkono ndo tunarudi kwenye usalama wako wewe.

DADA: Hapo ndo penyewe. Feni hii haiamrishwi na wewe uliye juu, inaamrishwa na paneli iko chini kabisa, mtu akichoma mkate kwenye jiko la ofisi sensa inapiga, na mkono wako uko ndani ya mapanga. Kwa hiyo ile swichi ya kukatia umeme iliyo pembeni ya feni unaizima, unaipiga kufuli lako mwenyewe, ufunguo mfukoni mwako siyo kwa mlinzi, lebo yenye jina lako, halafu unapima kwa mita kwamba umeme haupo kweli. Na bado usiingize mkono, maana upepo tu wa paani unaizungusha bila umeme, kwa hiyo unaifunga ile tairi ya mapanga isizunguke, kwa kamba au kwa kabari, chochote kile imara ambacho hutakisahau.

KAKA: Na zimamoto na mwenye jengo wajue kwamba kwa saa hizo feni haipo.

DADA: Wajue, na mtu akae zamu. Halafu kaka, swichi hiyohiyo iliyoniokoa mimi ndo niliyoikuta imezimwa kwenye majengo siwezi kuhesabu. Fundi kamaliza, jua kali, kakusanya vyombo, kashuka. Paneli chini inaonyesha taa ya kijani kwa sababu hakuna aliyeunganisha zile nyaya mbili nyembamba za kutoa taarifa kwamba swichi imezimwa. Kama jengo lako linazo hizo nyaya shukuru, kama huna mwambie fundi wako azivute, ni kazi ya siku moja.

KAKA: Sisi tulianza utaratibu mmoja, naona umefaa. Fundi haruhusiwi kushuka mpaka apige simu ya upepo kwa aliye kwenye paneli, aliye chini anaamrisha feni, na wa juu anamwambia kwa mdomo: imewaka, mabawa yamefunguka, inavuta. Anaandika saa. Ndo wa chini anasema haya, shuka.

DADA: Na kamba ya kwenye tairi?

KAKA: Anaifungua kwanza, anamwambia wa paneli kwa simu kwamba anayo mkononi, akishuka anamkabidhi. Bila kusikia hivyo hakuna amri ya kuwasha.