Piyesi haihukumiwi kwa kung'aa

Ba mama, ba papa, na ninyi wadogo zangu wa mekanike, jambo hili, kwamba piyesi, yaani kipuri, haihukumiwi kwa kung'aa, nimelisema katika ateliye nyingi za mji huu wa Lubumbashi na leo nalisema tena. Juma lililopita kijana mmoja alinionyesha karteri mpya ya pampu, lile ganda lake la nje. Aliizungusha mkononi, akaipitishia kidole, akasema: "Papa, hii ni ya muzuri." Nikamuuliza uzuri wake ameuona wapi. Akasema haina mikwaruzo.

Nitaanza na mfano ambao wengine hawataupenda. Kuna bunduki ya Kimarekani iitwayo AR-15, iliyobuniwa miaka ya 1950 na Eugene Stoner. Ina kasha la chini, ganda la alumini linaloshika kifyatulio na kupokea magazini. Kwa sheria ya Marekani ganda hilo ndilo bunduki yenyewe, na namba ya usajili hugongwa hapo. Naona mama mmoja pale ameshtuka. Mama yangu, ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanalia kwa sababu ya bunduki, na mimi sikuja kuzisifu. Nachukua kasha hili kwa kuwa ni piyesi iliyotengenezwa kwa wingi sana, na wanunuzi wake wanaihukumu kwa kosa lilelile la yule kijana wa pampu.

Wanaangalia weusi wa rangi. Wanatafuta alama za kisu cha mashine. Wanashika kasha la juu na la chini na kuyatikisa, na yakicheza kidogo wanasema kazi ni mbovu. Lakini mtutu na shabaha viko kwenye kasha la juu! Mchezo mdogo kati ya makasha mawili hauipotezi risasi njia. Tena wanagombana kuhusu jina lililochorwa ubavuni, wakati viwanda vinavyofua maganda hayo ni vichache, na wenye majina mengi hununua ganda lililofuliwa hukohuko, kisha kila mmoja hutoboa na kuchonga kwake. Basi swali ni moja tu: ametoboa wapi?

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Tundu za pini zinazoshika kifyatulio na nyundo ya ndani ya bunduki ni ndogo, chini kidogo ya milimita 4, na kila moja hupita kuta mbili, ya kushoto na ya kulia. Pini ikilala upande, nyundo na kifyatulio havikutani uso kwa uso. Vinagusana kwa ukingo, vinalana, na siku moja silaha inafyatuka bila kuombwa. Hakuna rangi inayoponya hilo.

Sasa niwape habari yangu mwenyewe. Kule commune ya Kenya, hapa mjini kwetu, kulikuwa na mama mwenye mashini ya kusaga mahindi. Rulema ya upande wa puli, yaani beringi inayoshika mhimili, ilikuwa inaungua. Nikabadilisha. Baada ya wiki tatu: "Papa, ile rulema uliweka iko inalia tena." Nikabadilisha, nikalaumu grisi. Ikalia. Nikabadilisha mara ya tatu, nikamlaumu muuza rulema, nikasema anauza za bandia. Mama analipa kila mara, na watu wanasubiri unga wa bukari kwa foleni, mabeseni kichwani.

Mara ya nne nilivua mhimili wote. Nikakwangua rangi ya kijani, rangi nzuri kweli, nikapima tundu la kwanza linaloshika rulema kwa piyakulisi, kile kipimo cha kipenyo: sawasawa. Nikapima la pili: sawasawa. Nikakaa chini. Ndipo nikachukua nondo iliyokerezwa ikanyooka, yenye kipenyo kinachoingia tundu zote mbili, nikaisukuma. Ilipita tundu la kwanza kama kisu kwenye siagi ya mawese, ikafika la pili, ikagonga mdomo. Haikuingia. Tundu la pili lilikuwa limeshuka sehemu nne za kumi za milimita. Kila tundu peke yake lilikuwa halali. Kosa lilikuwa kati yao, na mimi nilikuwa sijapima kati. Mhimili ulikuwa unapindwa kwa nguvu kila mzunguko, na rulema ndiyo iliyokuwa inalipa. Rulema na mama.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie tundu fulani ni zuri. Zuri kwa kulinganishwa na nini? Chagua uso mmoja wa piyesi, uhakikishe umenyooka, kisha kila kitu ukipime kutoka hapo. Kutoka uso huo mpaka katikati ya tundu, kushoto na kulia. Ukihamisha mahali pa kuanzia, umepoteza kazi yote.

Najua mtaniambia: papa, sisi hatuna mashini za kupimia za viwandani. Hata mimi sikuwa nazo. Nilikuwa na nondo iliyonyooka na mwanga wa mlangoni. Na kama mnaogopa ufa, kuna dawa ya zamani ya karakana za reli: lowesha piyesi kwa petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, ifute ikauke kabisa, paka unga wa chaki, ungoje. Petroli iliyojificha ndani ya ufa itatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Hiyo ni gharama ya franka ngapi?

Jambo la ngozi ya nje nilitaka kulieleza kwa urefu, lakini naona saa. Kwa ufupi: ule weusi mgumu wa alumini haupakwi, unaoteshwa kwa umeme ndani ya asidi. Unene wake ni kama sehemu tano za mia za milimita, nusu ikizama ndani na nusu ikiota nje. Kwa hiyo tundu linapungua baada ya kazi kwisha, na fundi asiyelitolea hesabu kabla atagongea pini kwa nyundo.

Na madini yenyewe! Alumini ya kasha lile huitwa 7075. Imechanganywa na zinki asilimia 5 hadi 6 na shaba kidogo, na sisi wa karibu na migodi ya Kipushi hatuhitaji kuelezwa zinki wala shaba ni nini. Ikipikwa vizuri inabeba mzigo karibu maradufu ya alumini nyingine iitwayo 6061, na kwa macho zinafanana kabisa. Ulizia karatasi ya madini. Muuzaji akikosa, jua unanunua kwa imani.

Njia za parafujo tutaziacha siku nyingine. Hapa mezani kuna karteri mbili, moja inang'aa na moja ina kutu. Nondo ni ile pale. Wewe wa shati la bluu, njoo, anza na inayong'aa.