Moyo Hutangulia, Magoti Hufuata: Kuanza Baiskeli Ukiwa Mtu Mzima

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Huku mbele bado kuna viti, msisimame.

Niseme mapema kwamba mimi si bingwa wa baiskeli. Kazi yangu ni tiba ya viungo: magoti, nyonga, migongo, mabega. Watu wanaoanza kuendesha baiskeli wakiwa na miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu nawafahamu vizuri, kwa sababu wengi hupita mikononi mwangu. Ila hawaji wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza misuli inauma kidogo, makalio yanalalamika, basi. Wanakuja mwezi wa pili au wa tatu, mambo yakiwa yameanza kunoga, na karibu wote huniambia maneno yale yale: "Lakini nilikuwa naendelea vizuri!"

Na kweli walikuwa wanaendelea vizuri. Ndiyo maana wameumia. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Kwanza tuondoe hofu ya kwamba umri umekwenda na mwili hausikii tena. Unasikia. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jeremy Morris, alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikuwa anakaa siku nzima. Kondakta wa basi lile lile alikuwa anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa nao haraka kama madereva. Makondakta hawa hawakuwa wanariadha, ni watu wa makamo waliokuwa kazini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya zaidi ya watu 260,000 wa Uingereza, wakilinganisha namna wanavyokwenda kazini. Waliokwenda kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa katika kipindi hicho iliyo ndogo kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Naomba msiondoke na hiyo namba kama ahadi. Mtu anayechagua baiskeli huenda tayari ana afya kuliko mwenzake, na ingawa watafiti walijitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu, haliondoki lote. Lakini hata ukiipunguza namba hiyo, bado ni kubwa.

Na kwa anayeona miaka hamsini ni jioni, kuna Robert Marchand, Mfaransa aliyezaliwa 1911. Aliiacha baiskeli miaka mingi, akairudia uzeeni. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka uwanja wa baiskeli kwa saa moja akafikisha kilomita 24.25. Mwaka 2014 akarudi na miaka yake 102, saa ile ile moja, akafikisha kilomita 26.927. Ameongeza! Katikati hapo alikuwa akifuatiliwa na mtaalamu wa mazoezi, Véronique Billat, na kipimo cha mwili wake kutumia oksijeni kilipanda kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa mwendo mwepesi, kidogo tu ndiyo ilikuwa ya kujikaza. Alifariki 2021 akiwa na miaka 109. Ni mtu mmoja, na watu wa aina yake ni wachache, lakini anatuonyesha kwamba mlango haufungwi pale tunapodhani.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Ukianza kuendesha mara kwa mara, badiliko la kwanza linatokea kwenye damu. Ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ile sehemu ya maji ya damu, plazima, huongezeka. Moyo unapojaa vizuri kabla ya kusukuma, kila pigo linapeleka damu nyingi zaidi, kwa hiyo kazi ile ile inafanywa kwa mapigo machache. Kile kilima kilichokukata pumzi unakipanda huku unaongea. Baada ya hapo misuli nayo inajipanga: vile viwanda vidogo ndani ya chembe, mitokondria, vinaongezeka. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa, uwezo wa misuli yao kutumia oksijeni ulikaribia kuwa maradufu. Kwa binadamu ni mwendo huo huo, tofauti ni kiasi.

Lakini goti halikujengwa kwa misuli peke yake. Kuna kano, ule ukamba unaounganisha msuli na mfupa, na kuna gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Kano lina mishipa michache ya damu. Gegedu la mtu mzima halina kabisa, linalishwa na ute wa kiungo unaoingia na kutoka linapobanwa na kuachiwa. Sehemu kama hizi hujengeka kwa miezi. Kwa hiyo ukifika wiki ya sita una moyo wa wiki ya sita, mapafu hayakusumbui, halafu una makano ambayo bado yako karibu na pale ulipoyaanzia. Moyo unasema twende. Kano lingependa kusema subiri, ila halina sauti mpaka liumie.

Na wiki ya sita ndiyo watu wanaanza kukusifia. "Umepungua!" "Umekuwa kijana!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumamosi inayofuata mtu anajiunga na kundi la vijana, anaenda umbali mara mbili ya aliouzoea, tena mbiombio. Hapo kuna jambo la upepo ambalo wengi hawalijui. Kwenye tambarare, nguvu inayohitajika kuushinda upepo hupanda kwa mwendo kuzidishwa mwenyewe mara tatu. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukaenda 25, unaona umeongeza kidogo tu, kumbe nguvu ya kupambana na upepo imekaribia mara mbili. Moyo utavumilia. Jumatatu goti litakuja kwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni mmoja: panga mazoezi yako kwa kufuata kiungo kinachochelewa. Usiulize "leo nina pumzi kiasi gani?" Uliza miguu imezoea nini mwezi uliopita. Anza na siku tatu kwa wiki, dakika ishirini au thelathini, na siku ya kupumzika katikati. Ukiongeza, ongeza kitu kimoja: ama muda, ama vilima, ama kasi. Ukiongeza vyote wiki moja halafu goti likauma, hata mimi sitajua nilaumu kipi. Kila baada ya wiki tatu hivi, punguza kwa wiki moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Dakika 150 mtazifika. Mkizifika mwezi wa tatu badala ya wa kwanza, hakuna atakayewadai.

Wastani ni upi? Hauhitaji saa ya kisasa. Kama unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, umepita, na kwa miezi hii ya mwanzo huna haja ya kupita.

Ngoja tuisogeze hii baiskeli mnione. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya magoti ninayoyaona yanatokana na siti. Fanyeni hesabu: ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, kwa saa moja kila goti limekunjwa na kunyooshwa mara 4,800. Kosa dogo la urefu wa siti unalirudia mara 4,800. Mwanzoni karibu kila mtu anaiweka siti chini mno, kwa sababu anataka akiwa amekaa nyayo zote mbili ziguse ardhi. Inampa amani, naelewa. Lakini goti linafanya kazi likiwa limekunjwa sana, na lile pande la mfupa la mbele linagandamizwa kila mzunguko.

Tazameni. Nimeegemea ukuta. Pedali hii nimeiteremsha mpaka chini kabisa, nikaiwekea kisigino, si vidole. Mguu umenyooka sawasawa, na kiuno hakijainama upande mmoja. Huu ndio urefu. Sasa naweka mguu kama ninavyoendesha, ile sehemu pana nyuma ya vidole ndiyo inakaa juu ya pedali, na goti linabaki limekunjwa kidogo tu. Ukisimama, usibaki umekaa; teremka mbele ya siti, mguu mmoja chini. Siku mbili utaogopa, siku ya tatu umezoea. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanakuambia siti iko chini. Maumivu ya nyuma ya goti, siti iko juu. Rekebisha kidogo kidogo, nusu sentimita, uendeshe siku kadhaa, ndipo uguse tena.

Halafu gia. Watu wazima wanapenda gia nzito, nadhani ni heshima. Gia nzito inamaanisha kila mkandamizo una nguvu kubwa, na nguvu hiyo inapita kwenye goti. Gia nyepesi inaihamishia kazi moyo na mapafu, ambavyo tumeshasema ndivyo vinavyozoea haraka. Hesabu goti la kulia linapopanda kwa sekunde 15. Likipanda mara 18 hadi 20 uko pazuri. Likipanda mara 12, badilisha gia.

Mkono umeinuliwa pale. Kitambi? Nilijua kitafika.

Nitakujibu bila kukubembeleza. Saa moja ya mwendo wa wastani kwa mtu wa kilo 75 inatumia takriban kalori 500. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700. Gawanya mwenyewe: ni saa kumi na tano hivi kwa kilo moja, na hapo ni kama hukurudi nyumbani ukajizawadia sahani ya pili. Baiskeli peke yake ni njia ya polepole ya kupunguza uzito. Lakini mafuta yanayozunguka ini na utumbo, yale mabaya zaidi, hupungua hata pale mizani haijasogea. Kwa hiyo funga mkanda wako uone tundu lipi, pima shinikizo la damu, pima sukari. Mizani iache kwanza.

Kuna kitu baiskeli haikupi, na wauzaji hawasemi: mifupa. Ukiwa juu ya siti, siti ndiyo inayokubeba. Mfupa hukaza unapobebeshwa mzigo, na wanawake waliokoma hedhi ndio wanaoupoteza haraka zaidi. Ule mwongozo wa 2020 unataka pia siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Kaa kwenye kiti na unyanyuke bila kushika, panda ngazi, beba kitu kizito kiasi, tembea. Baiskeli ni nzuri kwa magoti kwa sababu haiyabebeshi uzito wote, na kwa sababu hiyo hiyo haitoshi kwa mifupa.

La ganzi nitalisema haraka, maana wanaume hunisubiri kwenye korido ndipo waniulize. Ganzi ya sehemu za siri si jambo la kuvumilia. Nyanyuka kwenye siti kila baada ya dakika chache, hakikisha ncha ya siti haijatazama juu, na kama haiishi badilisha siti. Ganzi ya vidole vya mkono ni kuegemea usukani mno. Kunja viwiko, badilisha mshiko.

Sasa wenye dawa, nisikilizeni. Kama umekaa bila mazoezi kwa miaka mingi na una presha, kisukari au historia ya moyo katika familia, muone daktari kabla ya kuanza. Wanaotumia dawa za moyo ziitwazo beta-blocker, mapigo yenu hayapandi kama ya wengine, kwa hiyo zile hesabu za kukadiria kilele cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri kwenye 220 zisiwahusu. Tumieni kipimo cha kuongea. Wanaochoma insulini, misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, na inaendelea kuivuta baada ya kushuka. Pima kabla, beba kitu cha sukari mfukoni, na umwambie unayeendesha naye. Na yeyote atakayesikia kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkono au taya, au kizunguzungu, ashuke hapo hapo na aombe msaada. Asimalizie kilima kwanza.

Muda wangu umekwisha, na naona karatasi za maswali ni nyingi, nitazijibu kwa zamu. Wakati huo msaidizi wangu atakuwa hapa kwenye baiskeli. Anayetaka kupimiwa urefu wa siti aje na viatu vile vile atakavyoendeshea, kwa sababu soli nene inabadilisha kipimo.